Kwenda Kivumbe kwa Kupitia Kila Mahali

Hapo si zamani sana, maana zamani ya nchi yetu bado inahakikiwa na Wizara na haijaruhusiwa kutumika, palikuwa na miji miwili midogo, Tandaga na Kivumbe. Nchi yenyewe siitaji jina. Si kwamba naogopa. Naogopa, lakini si kwa sababu hiyo. Sijaulizwa tu, na mimi si mtu wa kujibu nisichoulizwa.

Miji hii ilikuwa pembezoni kabisa, huko ambako hata redio ya Taifa ilifika ikiwa imechoka. Kati yake kulikuwa na bonde jembamba, na chini ya bonde Mto Mgawa. Ukisimama Tandaga ulimsikia mtu wa Kivumbe akikwangua ukoko. Palikuwa na daraja la kamba. Mtu akiishiwa chumvi alivuka, akaomba kwa jirani, akarudi mboga haijachemka. Tulioana kwa kuvuka na tukazikana kwa kuvuka. Mimi mwenyewe, Chande, nilimpata mke wangu Semeni ng'ambo hiyo, siku niliyokwenda kuazima ngazi. Ngazi niliirudisha baadaye.

Kisha tukapata ndege.

Serikali ilikuwa imenunua ndege nyingi, na ndege zinataka abiria, na abiria wa Tandaga walikuwa wanatembea kwa miguu. Ikaonekana wazi kwamba daraja linalihujumu shirika la ndege. Siku ya kufungua uwanja walikuja wageni na mkasi wa dhahabu. Wakakata utepe, tukapiga makofi. Wakasogea hadi bondeni wakakata daraja, tukapiga makofi tena, kwa sababu sisi tumezoea kwamba kila kinachokatwa na mkasi ule kinakuwa kimefunguliwa. Kamba zilipoanguka mtoni makofi yalipungua. Hayakuisha. Mzee mmoja ndiye aliyeacha kwanza, na sisi tuliokuwa karibu naye tukasogea kidogo.

*

Mwenye mambo haya yote alikuwa Daktari Ngwilizi, Mkurugenzi wa Mizunguko. Kurugenzi yake ilikuwa na kazi moja, nayo ni kutafuta njia ya angani yenye taabu kuliko zote ya kumtoa mwananchi mji mdogo na kumfikisha mji mdogo wa jirani. Wakubwa walishindania Kombe la Mzunguko kila mwaka. Mwaka uliopita Daktari alishindwa na mwenzake wa mikoa ya mashariki, aliyefanikiwa kuwapitisha abiria katika nchi mbili zilizokuwa vitani. Watu walisema Daktari hakula siku ile.

Alipokuja Tandaga alisimama ukingoni akaitazama Kivumbe. Akamwona mama mmoja kule anaanika dagaa. Akavua miwani, akafuta macho.

"Hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa ndipo penyewe."

Jioni ile alituhutubia. "Ndugu wananchi, njia ya mkato ni uvivu wa kijiografia. Mtu akifika haraka, anabaki na muda. Akibaki na muda, anakaa. Akikaa, anafikiri. Na mtu akishaanza kufikiri, hamaliziki. Serikali inawapenda. Haiwezi kuwaacha mfike mkiwa katika hali hiyo."

Tukapiga makofi. Kisha akatueleza njia. Abiria wa Kivumbe ataruka kwanza hadi Makao Makuu, akalione sanamu la Mlezi wa Taifa. Kutoka hapo atapelekwa kwenye machimbo ya magadi, angoje upepo ubadilike. Kisha kisiwani, ambako ndege hutua siku yoyote lakini huondoka siku ya kuzaliwa kwa gavana tu. Kisha jangwani, kambi ya jeshi, aimbe wimbo wa kila mkoa kwa ufasaha. Kisha nje ya nchi, apate kuikumbuka nchi. Kisha Makao Makuu tena, kwa mlango mwingine. Na kila kituo ataketishwa aulizwe: unatoka wapi, unakwenda wapi, na mbona huko unakotoka na huko unakokwenda ni karibu hivyo?

Bwana Kondo, fundi viatu wetu, aliinua mkono. "Mheshimiwa, samahani. Safari hiyo inachukua muda gani?"

Daktari alimtazama kwa upole uliotutia baridi sote. "Ndugu yangu," alisema, "hilo ni swali la mtu mwenye muda."

Kesho yake Bwana Kondo aliletewa tiketi ya lazima, nyekundu.

*

Sasa niseme juu ya kazi yangu, maana bila hiyo hamtanielewa. Nilikuwa mtangazaji wa uwanja. Zamani nilitangaza mpira wa mtaani, nikasifiwa koo. Serikali ikaniweka katika kibanda ukingoni mwa bonde na kipaza sauti kikubwa kilichoelekezwa ng'ambo, ili mtangazaji mmoja atumikie viwanja vyote viwili. Tazameni maajabu ya maendeleo. Sauti yangu ilifika Kivumbe kabla sijafunga mdomo. Mwili wangu ungehitaji kupitia jangwani.

Na juu ya kipaza sauti kulikuwa na sheria, aliyoitunga Daktari mwenyewe kwa sababu ya watu waliokuwa wanabishana na matangazo. Sheria ilikuwa fupi: Kipaza sauti hakikosei. Kikisema ndege imefika, imefika. Kikisema unasafiri, umesafiri. Askari wa viwanja vyote viwili walitakiwa kutekeleza kilichosikika, kama kilivyosikika.

Siku ya safari ya Bwana Kondo mimi nilikuwa na huzuni, na nikiwa na huzuni huwa navuta maneno. Nikatangaza, "Abiria Kondooo, abiria Kondooo, afike kwenye ndege."

Askari walitazamana. Kisha wakaenda kwa Mzee Ruhinda wakachukua kondoo, dume, mwenye doa jeusi. Wakampandisha, wakamfunga mkanda. Mhudumu akamuuliza kama atapenda kuku au samaki. Ndege ikaruka. Bwana Kondo alibaki amesimama uwanjani na mkoba wake, na kwa kuwa alikuwa ameshasafiri, hakuna aliyeruhusiwa kumwona. Akarudi nyumbani kushona viatu. Wateja walimwekea viatu kibarazani bila kumsalimia, wakavikuta vimeshonwa. Meneja wa uwanja wetu, Bwana Malogo, mtu mzuri, mwoga kuliko hata mimi, alipitisha vyake dirishani huku amegeuza uso.

Tulicheka, lakini ndani ya nyumba. Hatukujua bado kwamba Bwana Kondo ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote mjini.

*

Tulijua mizigo ilipoanza kufika.

Mwalimu Nangu, aliyenifundisha kusoma, alipata habari kwamba dada yake wa Kivumbe amefariki. Alitoka akaenda uwanjani na sanduku moja la kijani. Ukingoni pale tuliona matanga yakiwekwa, tukaona yakiondolewa. Mwalimu hakuonekana ng'ambo. Mvua zikaja zikaisha. Kisha siku moja sanduku la kijani likatua Tandaga, peke yake, likazunguka kwenye mkanda wa mizigo ambao askari aliuzungusha kwa mkono. Bwana Malogo akalifungua. Ndani kulikuwa na kanga zake, zimekunjwa vizuri sana, lakini si kwa mkunjo wake. Yeye alikuwa anakunja mara mbili na kuviringisha, kila jirani aliyewahi kuanua naye nguo alijua hivyo. Hizi zilikuwa zimekunjwa na mtu mwingine.

"Amepotea," mwanawe alisema.

Askari akakohoa. Neno lile lilikuwa limekatazwa wiki hiyohiyo. Daktari alikuwa ametangaza kwamba katika shirika letu hakuna anayepotea. Hajapotea, anazunguka. Tukarudia wote, anazunguka, anazunguka, na mwanawe naye akarudia, midomo yake imekauka.

Sasa neno hilo lina taabu yake. Sisi tukikutana na mtu ambaye hatujamwona siku nyingi tunamwambiaje? Umepotea. Ndiyo salamu yenyewe, ndiyo mapenzi. Tukaanza kuambiana, "Bwana wee, umezunguka sana siku hizi," na mwenzako anakujibu, "Aa, mambo tu," huku nyote mnaangalia chini.

Na kila wiki ndege ilipita juu yetu. Haikutua, maana sisi hatukuwa kituo kinachofuata. Ilipita chini kiasi cha kuona madirisha. Mara ya kwanza nilimwona Mwalimu Nangu, kichwa chake kimekuwa cheupe chote. Alikuwa anagonga kioo kwa kiganja. Karibu naye kondoo wa Mzee Ruhinda alikuwa ameketi ametulia. Tuliagizwa kupunga mkono, na tukapunga. Niliogopa, sifichi. Niliogopa kwa sababu mimi ndiye niliyemwita kwenye ndege ile, kwa sauti hii hii, na nikamtakia safari njema.

*

Sasa, mke wangu Semeni.

Daraja lilipokatwa Semeni alikuwa Kivumbe kwao. Ilikuwa mimba ya kwanza, na mimba ya kwanza huku kwetu mwanamke huenda kujifungulia kwa mama yake. Akajifungua salama, mtoto wa kike. Nilimwona mara ya kwanza ameinuliwa juu ukingoni na mama mkwe, Bi Rukonge, kama mtu anayenadi nanasi sokoni. Jina hatukumpa. Tulikubaliana kwa kupiga kelele kwamba tungoje kwanza nimshike.

Kila alasiri walikuja ukingoni. Askari wa kusikiliza alikaa upande huu kwenye kiti chake na mwingine upande ule, tukazungumza mambo ya kawaida. Mtoto kanyonya. Mtoto kaota jino. Siku moja Bi Rukonge, mzee wa watu, akasahau.

"Mkwe," aliita, "mbona umepotea hivyo?"

Nilitazama nyuma yangu. Askari alikuwa ameacha kutafuna muwa. "Sijapotea, mama," nilijibu. "Niko hapa nazunguka."

Kisha likaja agizo jipya. Kila mtoto atahesabiwa wa mji wa baba yake. Asiyefikishwa kwa baba yake atakuwa mtoto wa Taifa, atachukuliwa akalelewe Makao Makuu, kwenye jengo lile refu lisilo na madirisha upande wa barabara. Siku ya pili Semeni alikuja ukingoni peke yake. Alikuwa ameshika kitu chekundu mkononi na nilikijua kabla hajakiinua.

"Baba mtoto," alisema. "Nimeletewa tiketi. Mimi na mwanao."

"Lini?"

"Ijumaa."

Akibaki, mtoto anachukuliwa. Akipanda, wanazunguka. Akilini nilimwona mwanangu amekua dirishani mwa ndege, anagonga kioo, ananipungia mkono kwa sababu ameagizwa.

"Chande," Semeni alisema, na sauti yake haikutetemeka, yangu ndiyo iliyotetemeka, "nani atatutangaza?"

"Mimi."

Askari wake akaegemea mbele. "Basi vizuri," alisema Semeni. "Tutaitwa na mtu wetu."

Akageuka akaenda. Mpaka leo najiuliza alikuwa na maana gani, kwa sababu Semeni hasemi neno la bure.

*

Ijumaa ikafika. Nilivaa shati la kazi nikakosea vifungo mara tatu. Bwana Malogo alisimama mlangoni mwa kibanda akanipa pole bila kuitamka, alinyanyua nyusi tu.

Kwa darubini ya kazi niliwaona. Semeni amevaa kanga mpya, mtoto mgongoni, Bi Rukonge pembeni ameshika mfuko wa maandazi ya safari. Askari wanne. Nyuma yao mlundo wa mifuko iliyoletwa kwa ajili ya ukumbi wa wageni mashuhuri, ambao ulikuwa unajengwa tangu kuwepo kwa uwanja na haujapata msingi.

Tangazo lilikuwa neno kwa neno, na mimi nililijua kama jina langu: Abiria Semeni na mtoto mchanga wafike kwenye ndege. Basi. Hata mtoto mdogo angelitamka.

Nilibonyeza kitufe. Ulimi ulikuwa mzito, meno yanagongana, macho yangu yako kwenye ile mifuko.

"Abiria," nilisema. Kipaza sauti kikalia ng'ambo: abiria.

"Abiria sementi na mchanga. Abiria sementi na mchanga wafike kwenye ndege."

Bwana Malogo alishika kizingiti. Mimi nilijikojolea kidogo, naomba radhi kwa kulitaja.

Kisha niliwaona askari wa Kivumbe wanatazamana. Mmoja akamtazama Semeni, akautazama mlundo. Akampita Semeni kama anayepita nguzo. Wakabeba mfuko wa sementi, mmoja kichwani mmoja miguuni, wakaupandisha ngazi. Wakajaza mchanga wa ujenzi kwenye kiroba, wakaupandisha nao, na kwa kuwa ulikuwa mchanga wakauweka mapajani mwa sementi. Mlango ukafungwa. Bi Rukonge, mwanamke mwenye akili, alipunga mkono akalia kwa sauti, "Mwanangu, nenda salama!" Semeni alisimama pale pale na mtoto mgongoni, ameshasafiri, haonekani na mtu yeyote.

Bwana Malogo alinong'ona, "Chande, umekosea?"

"Bwana Meneja," nilisema, "kipaza sauti hakikosei."

Akafikiri. Jasho likamtoka. "Ni kweli," alisema. "Mimi sikuuliza."

*

Mnaweza kudhani yaliishia hapo. Nami nilidhani hivyo. Lakini likatokea jambo ambalo Kurugenzi ya Mizunguko haikulitarajia. Sementi ilifika.

Watu hawakufika hata mmoja, lakini sementi ilipita vituo vyote kwa muda ambao haujawahi kuonekana. Machimboni waliiuliza inatoka wapi, ikanyamaza. Kisiwani waliiuliza inakwenda wapi, ikanyamaza. Jangwani iliagizwa kuimba, na ofisa akaandika kwamba abiria ni mzalendo mwenye utulivu. Ikatua Tandaga na kiroba chake. Bwana Malogo akanikabidhi mbele ya askari kwa maneno ya heshima.

"Chande, mkeo huyu hapa. Na mtoto. Hongera."

"Ahsante," nilisema. Nikambeba mke wangu begani, nikamrudia mtoto kwa toroli.

Niliishi nao. Sikuwa na njia nyingine, maana wakaguzi walikuja. Niliwawekea mkeka. Bwana Malogo aliuliza kila asubuhi, "Mama hajambo?" Hajambo. "Mtoto?" Amelala. Na Semeni wangu wa kweli alikuja ukingoni alasiri, tukatazamana bila neno, kwa sababu hakuwepo.

Msimu wa mvua paa langu likavuja. Niliona mke wangu anaanza kuloa. Sementi ikishaloa haingoji mtu. Nilitoka naye mbio hadi ukingoni, pale zilipokuwa zimefungwa kamba za zamani, nikamchanganya na mtoto na kokoto za mtoni, nikamimina. Sikuwa na mpango wowote, nawaapia. Nilikuwa naokoa familia.

Asubuhi Bwana Malogo alikuja akaukuta umesimama, mguu wa zege unaonifikia kiunoni.

"Mtoto anaendeleaje?" aliuliza taratibu.

"Ameanza kusimama."

Alitazama ule mguu, akatazama Kivumbe. "Wanakua haraka," alisema. "Hata wangu."

Mke wake yeye alikuwa ng'ambo. Siku hiyo hiyo alikwenda mwenyewe kwenye daftari la abiria kumbadili jina akamwita Semeni. Baada ya hapo sijui neno lilisambaaje. Kivumbe yote wakawa akina Semeni. Bi Rukonge, mwenye wajukuu, akawa Semeni mwenye mtoto mchanga. Huku kwetu nako wanawake walioitwa kwa tiketi za kwenda ng'ambo wakawa Semeni, na wanaume wakafuata: Mzee Ruhinda alikuwa Semeni, na mtoto mchanga alimpata wapi hakuna aliyemuuliza. Daktari Ngwilizi alifurahi sana alipopata habari. Alisema kwenye redio kwamba wananchi wa pembezoni wameitikia wito wa kusema, mradi hawasemi kitu.

Nami nilitangaza. Kila nilipobonyeza kitufe niliona jengo lisilo na madirisha. Sikuzoea. Watu husema mtu huzoea. Sementi ya Serikali ilitoka Kivumbe, ikazunguka nchi nzima na nchi za watu, ikatua Tandaga ambako ungeweza kuitupia jiwe, na ya Tandaga ikaenda Kivumbe vivyo hivyo. Familia zilisimama huku. Familia zilisimama kule. Kisha zikaanza kunyoosheana mikono.

*

Tulishinda Kombe. Hakuna njia duniani iliyokuwa na taabu kama yetu na abiria wengi kama wetu. Daktari Ngwilizi alikuja kwa sherehe, na kwapani mwake kombe linalong'aa.

"Nataka kuziona familia hizi," alisema.

Nilitakiwa niongoze, na kipaza sauti cha mkononi, ili sherehe isikike pande zote. Tulifika ukingoni. Pale lilikuwepo, limekamilika juzi tu, jembamba, la kijivu, kutoka ardhi yetu mpaka ardhi yao. Ng'ambo watu wa Kivumbe walikuwa wamejipanga, wote waliosafiri, wote wasioonekana.

"Hiki ni nini?" aliuliza Daktari.

"Familia, Mheshimiwa," alisema Bwana Malogo. Sauti yake ilitoka nyembamba.

Daktari hakuwa mjinga. Alilitazama kwa muda mrefu. Alijua ni nini, na alijua kwamba kipaza sauti kilishasema ni nani, na kwamba sheria ni yake. Niliona vitu hivyo viwili vinapigana shingoni mwake. Akasogea akashika ukuta wa pembeni kwa ncha za vidole. "Mama hajambo," alisema mwishowe. "Lakini naona kama familia hii imesimama vibaya. Itabidi ilazwe." Akageuka kumtafuta mwenye mkasi.

Hapo ndipo mwanangu alipotoka.

Hakuna aliyemtuma. Alikuwa ameshajua kutembea, na daraja lilikuwa mbele yake, na hajawahi kuishi katika nchi ambayo mtu hatembei kwenda anakoona. Semeni alinyoosha mkono, akaurudisha. Mtoto akaja, tumbo mbele, kiatu kimoja. Askari waliinua bunduki kisha wakamtazama Daktari wajue kama wanamwona.

"Nani huyo?" aliuliza Daktari. "Anatoka wapi?"

Mimi nilikuwa na kipaza sauti mkononi, kimewaka, na jasho limekifanya kiteleze. Niliogopa kuliko siku zote nilizowasimulia nikizijumlisha. Mtoto akafika, akanishika suruali, akaangalia juu kuniona mimi ni nani.

"Tangazo," nilisema. Likagonga ng'ambo, likarudi. "Ndege kutoka Kivumbe imewasili. Abiria ni mmoja, Fikiri binti Chande. Hana mzigo."

Daktari alitazama angani. Akatazama uwanjani. Akanitazama mimi. Nyuma yake Bwana Malogo akapiga kofi moja, peke yake, macho amefumba. Kisha Bwana Kondo, ambaye hakuwepo, akapiga. Kisha pande zote mbili, na Daktari akajikuta yeye ndiye pekee asiyepiga, na alikuwa anafahamu vizuri maana yake. Akaweka kombe chini, akapiga makofi.

"Nipe hicho, Chande," alisema huku anatabasamu na kunyoosha mkono. "Kimetosha."

Mimi ni mtu wa kukubali. Nilikuwa nimeshaanza kumpa. Kisha nikausikia ule mlio wa kila wiki, unatokea juu ya vilima, unakuja. Watu waliinua mikono wapunge kama walivyoagizwa. Nikaona madirisha. Nikaona kichwa cheupe, na kiganja.

Nilimnyanyua Fikiri kwa mkono mmoja. Mzito kuliko nilivyodhani. Miguu yangu ilitetemeka, naye akatetemeka juu yangu akadhani ni mchezo. Nikarudisha kipaza sauti mdomoni.

"Abiria Mwalimu Nangu," nilisema, "na wote ulio nao. Ndege yenu inatua Tandaga sasa hivi. Mmepotea sana. Karibuni nyumbani."

Askari hakukohoa. Rubani kama alisikia mimi sijui. Naye ni mtoto wa watu, ana kwao, na tangu aanze kuzunguka hajafika. Fikiri aliacha kucheka akatazama juu. Mlio ulianza kushuka.